Wandera Aliyemwamini Msimamizi Wake

Ndugu waombolezaji, marehemu Lawrence Wandera Makokha alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Busia, Kenya, mtoto wa tatu wa Mzee Makokha na Mama Namalwa, akasoma msingi hukohuko, mwaka 1998 akaja Kampala kwa baba yake mwenye duka Kabalagala, akasoma hadi shahada ya kompyuta mwaka 2008.

Mwaka 2010 aliajiriwa Mbuya na kampuni inayotengeneza mashine za kupima mapigo ya moyo wodini, na tarehe 17 Desemba 2011 akafunga ndoa na Akech, wakajaliwa Nafuna na Docus, na msimamizi wake kanisani alikuwa Guerschom, mfanyakazi mwenzake, ambaye watoto hawa wanamwita baba mdogo.

Wandera alishughulikia kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoendesha mashine, na Guerschom aliandika mipangilio ya bodi, yaani maelezo ya ubao wa saketi ulio ndani ya mashine, ambayo kiini huisoma mashine ikiwashwa tu, na kuiamini. Mipangilio ikisema kifaa cha kupima mapigo na prosesa, ubongo wa mashine, vinaona kumbukumbu ileile kwa wakati uleule, kiini hakihangaiki kufuta nakala za zamani zilizobaki kwa prosesa, na ikiwa ni uongo, kioo kinaonyesha mapigo yaliyopita huku mgonjwa anazidiwa. Wandera, kwa woga wake wa makosa, alizifuta hata hivyo, mashine ikawa nzito, ndipo mwaka 2022 Guerschom akamwambia aondoe ufutaji huo, bodi anaijua yeye, alichoandika ni kweli tupu. Akaondoa. Angemkataliaje msimamizi wake, jamani?

Ilikuwa uongo, bodi mpya za bei nafuu hazikuwa na uwezo huo, na Guerschom alijua. Malalamiko yalipoanza kutoka wodini, alirekebisha mstari wake kwenye mipangilio kimyakimya, akasimama mbele ya wakubwa akasema Wandera aliondoa ulinzi kwa kichwa chake. Wandera alifukuzwa tarehe 3 Februari 2023, na kilichomuuma si kazi, ni kuitwa mzembe wa kuhatarisha wagonjwa.

Presha ikampanda, figo zikafuata, akafariki hospitali ya Nsambya tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, na mpaka siku ile alikuwa anauliza kama Guerschom amepiga simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika siku zote hizi, na wenzake wa kazini waliofika. Desturi inataka mwenye dai kwa marehemu aonane na familia baada ya mazishi, lakini leo mwenye dai ni marehemu. Guerschom, tunakuona umekaa pale, umevaa fulana yenye picha yake, watoto wako hapa mbele, njoo uwaambie kwa kinywa chako kwamba baba yao hakukosea.

Pumzika, Wandera, sisi tutasimama hapa kaburini mpaka aseme.