Namba Iliyokuwa Kwenye Banda la Kuku

Ndugu zangu, salamu mmeshapewa za kutosha asubuhi hii, na mama anayeshika saa yuko pale mbele ananikodolea macho, kwa hivyo naingia moja kwa moja. Sitataja jina la mtu. Katelembo ni ndogo, wengi mtawajua wahusika kabla sijamaliza, lakini jina halitatoka kwangu.

Mnanijua. Mimi ni fundi wa bodi. Gereji yangu iko pale Kyumbi, na gari lako likigongwa au likiliwa na kutu, unaniletea. Kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na miwili. Nikishika grainda huwa najiona mfalme, na shida yangu ilianzia hapo.

Mwaka juzi mama mmoja wa kanisa hili alirudi kutoka Uingereza. Alikuwa muuguzi huko miaka mingi, akastaafu, na mume wake alifia huko huko. Alikuja na masanduku kama watu wengine, halafu nyuma yake likaja gari. Si gari la kisasa. Ni kigari kidogo chenye taa za mviringo, kinanizidi umri. Mume wake alikinunua akiwa kijana, akaapa kwamba siku moja atakiendesha mpaka mlangoni kwa mama yake huku kwetu. Hakufika. Mama akasema basi gari litafika.

Sasa, gari la umri ule haliingii nchi hii hivi hivi. Mama aliandika barua, akajibiwa, akaandika tena, mpaka akapata ruhusa maalum ya gari la kumbukumbu. Ruhusa ilikuwa na masharti: litengenezwe, likaguliwe na lisajiliwe kabla ya muda fulani kwisha. Muda ukipita, lirudishwe lilikotoka au liharibiwe. Likabebwa juu ya lori kutoka Mombasa mpaka kwangu. Mama akaniwekea mkono begani. "Kijana wangu, hili ndilo nimebaki nalo la baba yenu. Nifanyie kazi safi."

Kazi safi! Mngeniona. Nilitoa milango, nikatoa viti, nikakwangua kila kona. Karibu na betri, kwenye lile bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva, maji ya betri yalikuwa yamekula chuma mpaka kikawa kama mkate uliogugunwa na panya. Kulikuwa na mkwaruzo hapo, nikadhani ni wa kwenye lori. Sikufikiria mara mbili. Nikakata kipande chote, kikubwa kama sinia, nikachomelea bati jipya, nikasaga, nikapaka rangi. Ungepitisha mkono usijue palikuwa na kidonda.

Kile kibati kidogo cha namba kinachoshikiliwa kwa misumari nilikitunza vizuri. Nilikifunga kwa kitambaa, nikakirudisha mahali pake. Nikajiambia namba ya chesisi iko salama.

Siku ya ukaguzi afisa akakitazama, akatikisa kichwa.

"Fundi, hii ni ya kubandika. Mtu yeyote anaitoa na kuiweka. Nionyeshe ile iliyogongwa kwenye chuma."

"Iko wapi, afande?"

"Unaniuliza mimi?" Akafungua karatasi za bandarini. "Hapa wanasema waliiona karibu na betri. Walikwangua rangi wakaisoma."

Ndugu zangu, ule mkwaruzo nilioukata ndio huo. Zile karatasi zilikuwa gerejini kwangu miezi yote hiyo na sikuwa nimesoma hata mstari mmoja. Afisa akanipa wiki mbili. Alisema gari lisilo na namba kwenye chuma linaweza kuwa la mtu yeyote, hata la wizi, na nikirudi bila hiyo namba analizuia.

Nilipekua rundo la vyuma chakavu gerejini mpaka chini. Kipande hakikuwepo. Mama aliponipigia simu kuuliza, nikamwambia, "Sistimu imegoma, Mama. Wamesema turudi." Akanionea huruma! Kesho yake akaniletea muthokoi kwenye hotpoti, eti nimechoka kwa ajili yake. Nikala muthokoi wa mtu ninayemdanganya, na nitasema ukweli, ulikuwa mtamu.

Halafu nikaanguka kabisa. Nikaazima vyuma vya kugongea namba kutoka kwa mtu ambaye hakuuliza ni vya nini. Nikafunga mlango wa gereji mchana kweupe, nikagonga ile namba kwenye bati langu jipya, tarakimu baada ya tarakimu. Nikaipaka maji ya betri ionekane ya zamani. Katika miaka ishirini na miwili sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho Jumapili, siku mbili kabla ya kurudi kwa afisa. Wengi mlikuwepo. Mama alisimama hapa hapa niliposimama mimi. Akasema, "Namshukuru Mungu kwa fundi mmoja, sitamtaja. Nimeishi mbali nikiambiwa nyumbani hakuna tena mtu wa kuaminiwa. Nimerudi, nimempata." Mkapiga makofi. Mke wangu, hajui lolote, akanisukuma kwa kiwiko nisimame nionekane. Nikabaki nimekaa. Kuna mzee alinipa mkono nje akaniambia mimi ni mnyenyekevu.

Tukaenda nyumbani kula. Mke wangu akaniangalia. "Baba watoto, umesifiwa kanisa zima, mbona unakaa kama umefiwa?"

Nikamwambia yote. Nilitarajia kelele, hakupiga. Aliuliza swali moja tu. "Hilo gari liko kwa jina la nani?"

"La Mama."

"Basi wakiigundua hiyo namba, kesi itaandikwa kwa nani?"

Nawaambieni, sikuwa nimelifikiria. Usiku na mchana nilikuwa nawaza jina langu, gereji yangu, aibu yangu. Sikuona kwamba ninambebesha kesi mjane mwenye miaka sabini ambaye hata spana hajui kushika. Nikaona haya, haya ya kweli.

Nikaenda kwake saa hiyo hiyo, kwa miguu. Nilimkuta anakunywa chai. Nikasema nimekata namba, nimemdanganya, nimegonga ya uongo. Alikoroga ile chai mpaka nikadhani hakunisikia.

"Ungeniambia umekata, ningekasirika kidogo tu," akasema. "Hizo nyingine mbili, nipe muda." Halafu akaweka kijiko chini, na uuguzi wake ukarudi. "Lakini mgonjwa bado hajafa. Kipande ulichokata kiko wapi?"

"Hakipo, Mama. Nimetafuta."

"Nani huingia kwako akatoka na vyuma?"

Hapo ndipo nikamkumbuka mama yangu mzazi. Msicheke, mnamjua. Mwaitu, yaani huyo mama yangu, haondoki gerejini mikono mitupu. Akikosa msumari atachukua nati, akikosa nati atachukua kopo.

Tulimkuta anachambua pojo. Nikamuuliza kuhusu bati. "Si wewe ulisema ni takataka?" akanijibu. "Nguchiro alikuwa ananimalizia vifaranga. Nenda ukaone kama atapita tena."

Kipande kilikuwa chini ya mlango wa banda la kuku, kimepigwa misumari minne, kimejaa mavi ya kuku. Mama, na nguo yake ya Jumapili, akapiga magoti. Akatemea leso mate akasugua. Tarakimu zikaanza kutoka moja moja. Alizisoma kwa sauti mpaka ya mwisho, kisha akalia, nami nikalia, pale pale kwenye kinyesi. Mwaitu akatuangalia sisi wawili, akauliza kama ni la maana hivyo, atapewa bati lingine? Nilimpatia jipya kesho yake. Muvea, mwaitu, asante.

Jumanne tukaenda wote wawili. Nikamwonyesha afisa kile kipande, nikamwonyesha pia namba yangu ya uongo kabla hajaiuliza. Aliinama akaisoma ile yangu.

"Unajua kwa hii ungelala ndani?"

"Najua, afande."

"Na nani amekulazimisha kusema?"

"Huyu mama alinishukuru kanisani," nikasema.

Msidhani yaliisha siku hiyo. Niliandikisha taarifa polisi. Wataalamu walikuja wakapima kingo za kile kipande na pale nilipokata, wakalinganisha na karatasi za bandarini. Mama aliandika barua tena kuomba muda uongezwe. Tulingoja miezi minne, na kila wiki nilikwenda kuulizwa yale yale. Nilipewa onyo la maandishi, nimelitundika gerejini, nendeni mkasome. Wateja wengine walihama, na siwalaumu. Mwishowe nikaruhusiwa kuondoa bati langu na kurudisha lile la zamani, afisa amesimama juu ya kichwa changu. Gari likasajiliwa.

Nilitaka kuziba matundu ya misumari na kupaka rangi. Mama akakataa. "Liache lilivyo. Paka vanishi tu lisiendelee kuoza."

Siku alipoliendesha mpaka nyumbani kwa wakwe zake, mama wa marehemu alitolewa nje kwa kiti. Macho yake hayaoni tena vizuri. Alipapasa boneti, akauliza, "Amefika?" Mama akamjibu, "Amefika."

Nashukuru. Namshukuru mke wangu kwa lile swali. Namshukuru yule afisa, ambaye angeweza kunifunga na badala yake akanifundisha kusoma karatasi. Namshukuru mwaitu, ambaye ameniomba niseme kwamba nguchiro hajarudi. Na nyinyi mlio na kitu mmekikata mkakifunika rangi, nawaambia kama fundi: kisemeni kikiwa bado kidonda kidogo. Ukishakipendezesha, kukisema ni kazi mara mbili.

Mama, uko pale nyuma, nakuona. Siku ile uliponishukuru, nilibaki nimekaa. Leo nimesimama. Gari liko nje, na boneti nimeiacha wazi.