Wasifu wa Marehemu Kostansia Ntamavukiro, Aliyekataa Kumwita Armadilo Kakakuona

Marehemu Kostansia Ntamavukiro alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 huko Nyanza-Lac, mkoa wa Makamba, Burundi, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Mwaka 1972 alivushwa Ziwa Tanganyika kwenda Fizi, Kongo, akiwa amefungwa mgongoni mwa shangazi yake, aliyemwambia asilie. Hakulia. Familia inaamini kwamba kimya chote alichopewa na Mungu alikimaliza kwenye mtumbwi ule, maana baada ya hapo hakuna aliyefanikiwa kumnyamazisha tena.

Alisoma Fizi hadi darasa la tatu. Kusoma kwenyewe alijifunza katika kitabu cha nyimbo, ndiyo maana hadi uzeeni akisoma barua ya bima ya gari aliisoma kwa sauti ya kwanza.

Tarehe 5 Agosti 1989 alifunga ndoa na Zenoni Ngarambe. Aliyekwenda kusema maneno ya posa ni kaka mkubwa wa Zenoni, Mzee Leopoldi, ambaye ni mzee wa kanisa na leo ni mwenyekiti wa kamati yetu ya mazishi. Alisema kwa muda wa saa nzima. Binti akachungulia mlangoni akauliza, "Shemeji, anayeoa ni wewe au yule aliyekaa kimya?" Mabishano yao yalianza hapo, yakadumu miaka ishirini na saba. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1996 walihamia Tanzania, kambi ya Mtabila, Kasulu. Mwishoni mwa mwaka uliofuata kakakuona alipatikana katika kijiji cha jirani, akapelekwa ofisi ya kijiji kama ilivyo desturi, akawekewa mahindi, maji na panga ili aonyeshe mwaka utakuwaje. Kakakuona akaenda kwenye maji. Mvua ikanyesha hadi vyoo vya kambi vikaondoka na milango yake. Kostansia aliyaona kwa macho yake. Anayetaka kumcheka kwa yaliyofuata akumbuke hivyo vyoo.

Familia iliwasili Louisville, Kentucky, tarehe 18 Juni 2008. Marehemu alifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli kwa miaka mitano, na hakuwahi kuchelewa ila siku moja, Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2013. Siku hiyo Zenoni alirudi kutoka kuvua samaki magharibi ya Kentucky akiwa na kikapu cha nguo kilichofunikwa kanga. Ndani alikuwamo mnyama mwenye magamba, aliyeokotwa kando ya barabara.

"Kakakuona," alisema Mzee Leopoldi, na kofia akavua.

Wakati ule familia tisa za kanisa letu zilikuwa zimegawanyika: wengine walitaka kuhamia Columbus, Ohio, kwenye kazi za maghala, na wengine walitaka kubaki. Mnyama akapelekwa kwenye maegesho ya magari. Akawekewa unga wa sembe, maji, na kisu cha jikoni kwa kuwa panga halikuwepo. Mzee Leopoldi aliongeza ramani ya barabara. Watu walisimama, na kwaya ya akina mama, iliyoongozwa na marehemu, ikaimba ubeti mmoja.

Mnyama hakutazama unga, wala maji, wala kisu. Aliikanyaga ramani, akaenda kwenye bustani ya maua ya meneja wa nyumba, akaanza kuchimba kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana katika maegesho yale.

"Anachimba kaskazini," alisema Mzee Leopoldi. "Columbus iko kaskazini."

"Shemeji, na hayo anayotafuna?" aliuliza Kostansia.

"Huo ni upande wa mfano. Usiulize kila kitu."

Meneja akatoka, Zenoni akamrudisha mnyama alikomtoa, mwendo wa saa tatu. Kufikia mwezi wa Agosti, familia zote tisa zilikuwa zimehamia Columbus.

Huko Columbus marehemu alipanga viatu katika ghala karibu na Gahanna, na ni huko alikopata taaluma yake halisi. Mwezi wa Oktoba kitinda mimba wake, Spés, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alileta kitabu kutoka maktaba ya shule. Mama akaona picha, akamwita kakakuona. Mtoto hakuinua hata kichwa.

"Mama, no. That's an armadillo. They're not even related."

"Na kuhusu miaka ijayo, wanasemaje?"

"They eat bugs, Mama."

Kostansia aliomba asomewe ukurasa wote, kisha kitabu chote, akajua kwamba armadilo ni mnyama wa Amerika asiye na udugu na kakakuona, na kwamba hula wadudu. Jumapili iliyofuata, katika matangazo ya akina mama, alisimama akawaeleza familia tisa kwamba walihama mji kwa ajili ya mnyama aliyekuwa akitafuta mabuu ya mbawakawa. Wapo waliocheka. Mzee Leopoldi hakucheka. Alimwita nje.

"Shemeji, utasimama tena na kusema ulikosea. Watu wameuza vitanda vyao kwa neno langu."

"Nami niliuza changu. Lakini yule ni armadilo."

"Mtu wa darasa la tatu unanifundisha wanyama?"

"Darasa la tatu lilitosha. Mnyama ameandikwa kwa herufi kubwa."

Akaambiwa hatasimama na kwaya mpaka akanushe. Hakukanusha. Kwa muda wa miaka mitatu, Columbus na baadaye Buffalo, aliimba akiwa ameketi benchi la nyuma, na waliokuwepo wanajua kwamba watu walikuwa wakigeuza shingo kutafuta kwaya iko wapi.

Neno alilolitaka lilikuwa moja tu: shemeji yake aseme mbele ya watu kwamba walimfuata armadilo. Alipolikosa, alijifunza ukoo mzima. Mwaka 2015 alihamia Buffalo, New York, akasema safari hii hakuna mnyama aliyeulizwa. (Mzee Leopoldi alifuata baada ya miezi mitatu. Naye hakuuliza mnyama.) Wakapanga nyumba mtaa wa East Side, na marehemu akapata kazi ya kuwahudumia wazee huko Kenmore. Siku zake za mapumziko alikwenda maktaba na daftari lenye jalada la kijani. Kitabu alichokiamini kilihesabu spishi ishirini na moja, naye kila moja aliipa jina la nyumbani, makao na chakula.

Aliandika juu ya Jitu, mkubwa kuliko mbuzi wengi wa Kasulu, anayeishi kwenye misitu ya Amazoni na kubomoa vichuguu ale mchwa. Bibi Harusi ni wa waridi, anatosha kiganjani, anaogelea ndani ya mchanga mkavu wa Ajentina akitafuta siafu na mabuu. Asiyechagua, wa mikanda sita ya gamba mgongoni, hukaa mbugani na kula mizizi, matunda, wadudu na hata mzoga. Wawili tu katika ukoo wote, wa mikanda mitatu, ndio wanaoweza kujikunja wakawa mpira, na ilimkera sana mtu aliposema wote hufanya hivyo. Yuko pia mwenye manyoya wa nchi kame, ambaye akishikwa hupiga yowe; huyo alimwita Mzee wa Kanisa. Kamati imeomba sentensi hiyo iondolewe. Imo kwenye daftari, basi imo humu.

Aliyempenda kuliko wote ni yule wa Louisville, wa mikanda tisa. Huyo huzaa pacha wanne wa kufanana, na kila mwaka husogea kaskazini kidogo bila kupitia ofisi yoyote. Akifika kwenye mto huvuta pumzi, akauvuka kwa miguu, chini kabisa. Spés anasema mama yake alipousikia mstari huo aliomba urudiwe mara mbili, kisha akaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Kule Kenmore mfanyakazi mwenzake aliwahi kumwuliza Waafrika wanakula nini. Alimjibu kwa armadilo wote ishirini na mmoja, mmoja mmoja, kisha akamwambia, "Sasa niulize tena, lakini anza na nchi."

Mwezi wa Februari 2016 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa miezi tisa, na wauguzi wa zamu zote mbili walijifunza spishi zisizopungua sita. Mzee Leopoldi alimtembelea kila wiki. Tarehe 30 Oktoba aliketi kando ya kitanda, akavua kofia.

"Shemeji, tusameheane sasa."

"Nimeshasamehe. Tulimfuata mnyama gani?"

"Kakakuona."

Kostansia akageukia ukutani. Zenoni anashuhudia kwamba ilipita nusu saa.

"Basi, armadilo," alisema Mzee Leopoldi.

"Yupi?"

"Wa mikanda tisa."

"Kaskazini palikuwa na nini?"

"Palikuwa na mabuu." Akavaa kofia. "Jumapili ijayo utasimama na kwaya."

"Jumapili sitakuwepo. Umeniambia mimi, na mimi nilikuwa najua. Uwaambie wao." Akamkabidhi daftari la kijani. "Wote ishirini na mmoja. Usiruke."

Alifariki tarehe 3 Novemba 2016, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mume, Zenoni Ngarambe, watoto watatu, Angelika wa Louisville, Ruta na Spés wa hapa Buffalo, wajukuu wawili, shemeji mmoja, na armadilo ishirini na mmoja, kila mmoja na kwake na chakula chake.

Katika ratiba, baada ya wasifu huu, imeandikwa "Neno la familia: Mzee Leopoldi, dakika tano". Marehemu aliomba ziwe dakika kumi na tano. Mzee, daftari unalo mkononi. Tunaomba kwaya isimame, na nafasi ya sauti ya kwanza iachwe wazi.

Apumzike kwa amani, akiwa amesimama.