Verna Kangas na Bahasha za Njano

Marehemu Verna Aili Kangas alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 katika shamba la Ojala, maili nne kutoka hapa makaburini Salo Falls, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa Bwana Eino na Bibi Saima Ojala. Alizaliwa ndani ya sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, kama wengi wa rika lake, kwa sababu ndicho chumba pekee cha shambani kilichokuwa na maji ya moto na kuta safi. Alifariki mwezi Januari. Kwa kuwa ardhi ya huku huganda kwa baridi na haichimbiki Januari, amengoja miezi minne katika kile kijumba cha mawe karibu na lango, mpaka leo, Jumamosi tarehe 18 Mei 2019. Miezi minne ni mingi kwa mtu mwenye hasira. Darla, binti yake, aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma, aliitumia yote. Kwa hiyo kahawa na mkate wa iliki vitasubiri. Kwanza mtasikiliza.

Marehemu alisoma hapa hapa Salo Falls, akahitimu sekondari mwezi Juni 1962. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Ripoti yake ya mwaka wa mwisho ipo mpaka leo, na mwalimu wake aliandika mstari mmoja: "Anajua habari za kila mtu na hamwambii yeyote." Mwalimu yule alidhani anamlaumu.

Mwaka huo huo aliajiriwa kuwa opereta wa simu mjini. Kwa miaka minane alikaa mbele ya ubao wa nyaya, akiunganisha nyumba na nyumba. Alisikia posa zikikataliwa, alisikia daktari akitoa majibu, alisikia ndugu wakigombania shamba baba yao akiwa bado anapumua. Hakusimulia hata moja, hata kwake nyumbani. Mwaka 1970 ikaletwa mashine ya watu kujipigia wenyewe, na Verna akapewa saa ya ukutani na kuambiwa asante. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Tarehe 25 Juni 1966, siku ya sherehe za katikati ya kiangazi, alifunga ndoa na Bwana Reino Kangas, ambaye mwaka uliofuata aliajiriwa posta kuwa mpeleka barua. Walijaliwa watoto wawili, Darla na Wayne. Walioijua ndoa hiyo wanakumbuka kisa cha mwaka 1991, Bibi Impi Harju alipovunjika nyonga na kushindwa kuja mjini. Verna alimkabidhi mumewe kanda ya video.

"Reino, unapita kwa Impi. Mpelekee hii."

Reino aliigeuza kanda huku na huku. "Stempu iko wapi?"

"Stempu? Mume wangu, mfuko wako una nafasi ya kubeba ng'ombe!"

"Mfuko si wangu. Ni wa posta."

Verna alinunua stempu, tena kwa Reino mwenyewe, akaibandika huku akimwita kwa majina ambayo hayafai kusomwa mbele ya mchungaji. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu kwa majira mawili ya baridi, Bibi Impi alipata sinema kwa posta. Kampuni ya bahasha za njano, iliyokuja kutuma sinema kwa posta, ilikuwa haijazaliwa. Wale vijana wa California waliokuja kusifiwa magazetini kwa kubuni jambo hilo hawakubuni kitu. Lilibuniwa hapa, na mwanamke aliyebishana na mumewe jikoni.

Kanda hiyo ilitoka katika duka lake. Marehemu alifungua duka la kukodisha video tarehe 14 Novemba 1984, mkabala na posta. Siku hiyo aliichagua kwa akili. Kesho yake unaanza msimu wa kuwinda paa, shule zinafungwa, wanaume wanahamia vibandani porini, na wanawake wanabaki na nyumba zao, na amani yao, na wiki mbili bila mtu wa kuwashikia rimoti. Wateja walipanga foleni hadi barabarani. Aliyechelewesha kanda hakutozwa faini. Alipewa koleo akazoa theluji ya mlangoni. Kuna baba wa watoto sita aliyezoa theluji hiyo majira mazima, na alisema ndiyo mazoezi pekee aliyofanya maishani mwake.

Verna hakuhitaji kompyuta kujua nani anapenda nini. Mjane alipoingia, alijua asimpe sinema ya mazishi. Mvulana alipotaka ya kutisha, alijua mama yake amekataza. Mtu aliyeachwa na mke alipewa ya kuchekesha, tena bila kuulizwa swali. Duka lilikuwa na tundu mlangoni, la kurudishia kanda duka likiwa limefungwa, na mikono ya mji huu ililizoea tundu hilo kama ulimi unavyoyajua meno. Hayo mliyapata kwa miaka ishirini.

Kisha mkaletewa bahasha za njano.

Yasemwe kama yalivyokuwa. Kampuni ile ilituma diski kwa posta. Ukitazama, unairudisha katika bahasha ile ile, unaletewa nyingine. Hakuna faini, lilisema tangazo. Hakuna kutoka nje kwenye theluji. Na nani aliyezileta mlangoni kwenu? Ni Reino Kangas, mumewe. Mwaka 2003 alibeba nne au tano kwa siku. Mwaka 2005 alibeba arobaini. Alizibeba mgongoni, akapita nazo mbele ya dirisha la mkewe kila asubuhi, na mkewe akamwona. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Verna kinachomla alikifulia sare na kukifungia chakula cha mchana.

Desemba 2004, wakati wa chakula, Darla akiwa amekuja na mtoto, Verna aliweka kijiko chini.

"Reino. Bahasha mbili tatu zikiangukia kwenye theluji, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Miaka thelathini na nane nimekupikia."

"Na barua sijapoteza hata moja. Ungeolewa na mwizi, Verna?"

"Ningeolewa na mtu mwenye huruma!"

Verna hakumsemesha kwa siku tisa. Siku ya kumi alimwekea chakula mezani, akamwambia, "Upo sahihi, na sikupendi leo." Hilo jambo halikutajwa tena.

Kuna mwalimu mstaafu, yupo hapa leo, jina lake yeye mwenyewe analijua. Kila Ijumaa aliingia dukani akavua kofia.

"Verna, dada yangu, nishauri. Nataka ya kuchekesha lakini isiwe ya kipuuzi."

Verna aliacha kazi zake. Alimsimulia tatu, alimwambia ipi inaanza polepole na ipi mwisho wake unaudhi. Mwalimu alicheka, akaandika majina kiganjani kwa kalamu, akasema, "Ngoja nikamuulize mke wangu." Akaondoka mikono mitupu. Jumatano iliyofuata Reino alimpelekea mojawapo ya zile tatu, ndani ya bahasha ya njano. Reino hakujua kilichomo, na hata angejua asingesema. Lakini mke wa mwalimu aliisifu sinema hiyo kanisani, mbele ya Verna, bila haya. Asante ya punda ni mateke, na punda angalau hakuulizi ushauri kwanza.

Tena kuna jambo ambalo mji huu haukulijua. Watu wa Salo Falls walipokwisha kuzitazama diski za kampuni, walipaswa kuzitia katika sanduku la posta. Sanduku liko upande ule wa barabara, tundu la Verna upande huu. Na mikono iliyozoea miaka ishirini haikuuliza kichwa. Mlikuja mkiwa na haraka, gari likinguruma, theluji machoni, mkazitia bahasha za adui katika mlango wa Verna. Si mara moja. Kila wiki.

Asubuhi alizikuta sakafuni. Bahasha ilikuwa na kijikaratasi chenye jina na anwani ya mteja, ambacho mteja alitakiwa akichane kabla ya kuirudisha, na wengi hawakukichana. Kwa hiyo alijua nani kamwacha, na lini. Angeweza kuzitia katika jiko la kuni. Wala isingekuwa dhambi kubwa. Badala yake alikichana kijikaratasi, akaifunga bahasha vizuri, akavaa koti, akavuka barabara, akaitia katika sanduku la posta. Nyuma ya kijikaratasi aliandika tarehe kwa penseli, akakitupia katika kopo la kahawa chini ya kaunta. Kisha wale wale walipoingia dukani, aliwaamkia na kuwauliza hali ya watoto.

Duka lilifungwa tarehe 28 Februari 2009. Siku hiyo mlikuja wote! Mlilia. Mlinunua mabango, mlinunua rafu, hata kengele ya mlangoni kuna mtu aliing'oa akaondoka nayo kama ukumbusho. Mama mmoja alimkumbatia Verna akamwambia, "Mji huu utakuwaje bila wewe?"

Verna akamjibu, "Mtaletewa na Reino."

Miaka miwili baadaye kampuni nayo ikaanza kurusha sinema zake kwa mtandao, na bahasha zikapungua mpaka Reino akastaafu akiwa anabeba sita tu. Hakuna aliyelia kwa ajili ya bahasha.

Mwezi Oktoba 2016 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Madaktari walisema ni moyo. Alitibiwa hapa na katika hospitali ya Marquette, alilazwa mara tatu, na mara zote tatu aliwaambia wauguzi mgonjwa wa kitanda cha jirani aletewe sinema gani. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2019, alifariki nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Mwezi Februari Darla alikuwa anapanga vitu vya mama yake akalikuta lile kopo, limejaa pomoni. Reino akamweleza vilivyomo na vilikotoka. Darla aliketi sakafuni, akasoma majina ya vijikaratasi vya juu, na kila alilosoma alilijua. Hapo hapo akaamua wasifu huu utakuwa na sehemu moja tu. Angesimama hapa asome majina yote, moja baada ya jingine, pamoja na tarehe, mbele ya kaburi, na kila mtu asimame jina lake likitajwa.

"Mama aliyaweka kwa sababu hiyo," alimwambia baba yake. "Aliyahesabu maovu yao."

"Aliyaweka kwa sababu hakuwa na pa kuyatupa," Reino alisema. "Takataka za mjini humu zinapekuliwa na mbwa na majirani. Alisema majina ya watu si ya kuokotwa."

"Basi mimi nitayasoma."

"Wewe ni mtu mzima. Soma. Ila usichague. Ukianza, ufike mpaka chini ya kopo."

Darla alianza siku hiyo hiyo. Alikoleza wino. Alipiga chapa kurasa nne za majina. Aprili, theluji ikiyeyuka, alifika chini ya kopo, kwenye kijikaratasi cha kwanza kabisa, kilichokaa pale kabla ya vingine vyote. Nyuma kilikuwa na tarehe 3 Oktoba 2003, kwa mwandiko wa mama yake. Mbele kilikuwa na jina.

Oktoba hiyo Darla alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Kuponi ya mwezi mmoja wa bure ilikuja na barua nyingine, naye akaijaza, akisema ni kujaribu tu. Aliirudisha diski alfajiri akielekea kliniki, macho yakiwa mazito, mkono ukifanya kile ulichofanya tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Hakukumbuka kabisa. Kuponi ilipokwisha aliacha, akasahau, na miaka iliyofuata aliwaita majirani zake wasaliti kwa sauti kuliko mtu yeyote.

Lakini jambo jingine la siku ile alilikumbuka. Jioni ya tarehe 3 Oktoba mama yake alikuja bila kupiga simu, na sufuria ya supu ya njegere na kanda tatu chini ya kwapa.

"Nimeona umechoka," Verna alisema. "Mtoto akikuamsha utataka kitu cha kutazama."

"Mama, nitazirudisha kesho."

"Usiharakishe. Hakuna anayezingoja."

Kisha akambeba mjukuu, akamwambia Darla akalale.

Zile kurasa nne zimeingia katika jiko la kuni. Hasira haikuingia pamoja nazo. Bado ipo, na mwalimu na kalamu yake wasidhani wamesamehewa na mtu mwingine zaidi ya marehemu. Kopo lina vijikaratasi mia tatu na kumi na sita. Mia tatu na kumi na tano vinashuka kaburini na mwenyewe, kifuniko kikiwa kimefungwa kwa gundi. Kimoja kitasomwa. Reino alisema usichague, na katika majina ya wengine anayesoma hachagui; ana haki ya kusoma cha kwake tu.

Darla Kangas, mtaa wa Misonobari, namba 41. Tarehe 3 Oktoba 2003.

Ndiye aliyesimama.

Marehemu ameacha mume, Bwana Reino Kangas. Watoto wawili, Darla na Wayne. Wajukuu watatu, Joel, Britta na Evan. Dada mmoja, Bibi Helmi Ojala. Na mji mzima ambao aliujua kwa majina na hakuutaja. Mungu amjalie pumziko la amani. Sisi tuliobaki, tusiwe wepesi wa kupumzika.