Wilhelmina Anselimu na Faili Moja la Wote

Ndugu waombolezaji, dada yetu Wilhelmina Anselimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapa Singe, mtoto wa pili wa Mzee Anselimu na Mama Mektilda, akasoma shule ya msingi hapahapa, sekondari mjini Moshi, hesabu Chuo Kikuu hadi mwaka 1977, kisha akaenda ng'ambo kusomea kompyuta, na aliporudi mwaka 1981 mama, masikini, alidhani mwanawe amekuwa fundi redio.

Aliajiriwa mjini Arusha, katika kituo cha kompyuta kilichopanga mgawo wa dawa za zahanati, tarehe 8 Agosti 1982 akafunga ndoa na Bwana Sylvesta kanisani hapa Babati, na mwaka 1984 wakajaliwa binti yao Kandida.

Mwaka 1985, wakati hata sabuni ni ya kupanga foleni, mashine yao ikaanza kuzimika ovyo, fedha za kigeni za kununua nyingine hakuna, wakubwa wakataka kukifunga kituo, Wilhelmina akakataa katakata. Aliichambua programu ya msingi inayoiendesha mashine, akakuta kila mtaalamu ameandika kivyake namba iwe ya ukubwa gani na tarehe ichukue nafasi kiasi gani, mmoja akibadilisha kwake wenzake hawana habari, vurugu tupu. Alifuta maelezo yote hayo, akayaandika mara moja tu katika faili moja, akawataka wote wachukue humo, kama kijiji kinavyopimia mahindi kwa debe moja. Walimnunia, loo, walimwita mbishi, na mbishi alikuwa kweli, lakini mashine ikatulia na dawa zikafika hadi zahanati ya Sigino.

Alianza kuugua figo Januari 1988, na Septemba mwaka huu wa 1989, akiwa kitandani hapa nyumbani, wenzake walikuja wakihangaika, wamepata mashine ya aina nyingine na hawajui waihamishieje kazi bila yeye. Aliwaambia wabadilishe vipimo vya faili lile tu vilingane na mashine mpya, kisha waiandae programu upya. Wakarudi Arusha na mashaka yao, wakafanya hivyo, mashine ikakubali, na habari ilipomfikia alicheka mpaka machozi, akasema sasa hawamhitaji tena, ndicho alichokuwa akikitafuta miaka yote.

Alifariki tarehe 19 Novemba 1989, alfajiri, mumewe akiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Singe na Mutuka mliotuletea kuni na maji, na wafanyakazi wenzake waliosafiri kutoka Arusha na mafuta yalivyo adimu.

Dada, tunakulilia kwa uchungu, ila kesho wenzako wanarudi kazini, na kazi itakwenda. Pumzika kwa amani.