Nilikataa Mafuta, Nikakosa Watu

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Mimi ni Baba Wanjala wa Matayos. Leo sisimami kushuhudia pombe wala wizi. Nashuhudia mafuta! Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nilikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya Malaba. Mke wangu alikuwa amefariki, watoto wako kwa nyanya yao, nami nilipanga chumba kati ya Wateso ambao lugha yao sikuijua. Lakini walinipokea! Jirani yangu Mama Amoit, naye aliyefiwa na mume, kila jioni aliniletea ugali wa wimbi na kunde zilizotiwa simsim ya kusagwa, ule ufuta wenye mafuta. Siku ya soko alileta nyama iliyonona, mafuta yanaelea juu. Nikaota kitambi, na kitambi wakati ule kilikuwa heshima.

Kisha maumivu yakanishika chini ya mbavu, upande wa kulia, hata nikajikunja sakafuni. Daktari wa misheni akaniambia nyongo yangu haitaki mafuta. Nile vile Mungu alivyoviumba bila mafuta: viazi vitamu, maharagwe, mboga za majani, papai, uji wa wimbi.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliona haya! Karani mzima aombe viazi vya kuchemsha kama mtoto anayeota meno? Basi Mama Amoit akija, nasema tu, "Asante mama, nimeshiba." Leo nimeshiba, kesho nimeshiba.

Ndugu zangu, mnajua kwetu mpakani ukikataa chungu cha jirani umesema nini. Umesema amekutilia sumu! Chakula kikakoma. Salamu nazo zikakoma. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Nilichemsha viazi vyangu, nikala nikitazama ukuta. Maumivu yaliisha kabisa, lakini nawaambia kweli, kuna siku nilitamani yarudi, angalau mtu asikie nikilia abishe hodi.

Mama Amoit alipomwoza binti yake, nilialikwa kwa sababu ya ujirani tu. Akaniwekea sahani ya nyama ya mafuta mbele ya watu wote.

"Kula, karani. Ama hata leo umeshiba?"

Watu wakanitazama. Nikila, nitagaagaa. Nikikataa, nimemwita mchawi katika harusi ya mwanawe! Nikaomba moyoni: Bwana, nifungue huu mdomo. Naye akaufungua!

"Mama, si wewe ninayekuogopa. Ni nyongo yangu. Daktari amenikataza mafuta, nikaona haya kukuambia. Nimekukosea."

Akanikazia macho. "Miezi hii yote naulizwa nilikutilia nini kwa chakula, kumbe ni nyongo? Si ungesema, mzee!"

Akaichukua sahani, akaingia jikoni. Nikajua yamekwisha, nitahama. Lakini alirudi na bakuli la kunde zilizochemshwa kwa chumvi ya majivu, bila tone la mafuta.

"Hizi nimezitoa chunguni sasa hivi, kabla sijatia simsim," akasema.

Kisha akachota kidogo ili aonje kwanza, maana ndivyo mwenye chakula anavyofanya mbele ya mtu anayemshuku. Machozi yakanitoka. Nikamshika mkono.

"Usionje, mama. Nipe tu."

Nikala hata nikalamba bakuli, na mzee mmoja akasogea akaketi kando yangu.

Namshukuru Mungu! Chakula kisicho na mafuta kiliniponya nyongo, lakini ni kusema kweli kulikonitoa kwenye kile chumba. Wewe unayeficha ugonjwa wako na kula peke yako, mtegemee Yesu, kisha umwambie jirani. Usingoje harusi. Mwambie leo, ukitoka hapa, kabla hajaacha kukuamkia.