Kefa Nyagawa na Mahabusu Aliyekataliwa Kila Kituo

Wasikilizaji wapendwa, kamwene. Mimi ni Idda Mtewele, na leo sijatulia kwenye kiti hiki. Tangu Jumanne, alipofariki Mzee Kefa Nyagawa wa Mjimwema akiwa na miaka themanini na tisa, kuna siku nne za maisha yake zinanizunguka kichwani. Nitawasimulia siku hizo nne.

Mzee Kefa alisoma Kidugala, kisha akapata kazi ya utarishi. Tarishi alikuwa askari wa chifu. Wakati ule wa Mwingereza, askari walikuwa wa aina mbili. Polisi wa Serikali Kuu walilinda miji na vituo vya biashara. Mkubwa wao wa jimbo alikaa Mbeya, na mkubwa wa wote Dar es Salaam. Vijijini walikuwepo matarishi, wakitumwa na chifu na baraza lake. Juu ya wote wilayani alikuwa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya. Polisi wa serikali, tarishi wa chifu. Kila mmoja na mpaka wake. Hapo ndipo palipoleta taabu yote.

Juni 1955. Duka moja la Makambako lilivunjwa, yakaibwa mablanketi. Kesho yake asubuhi, sakitu bado nyeupe kwenye majani, watu wa Kitandililo walimkamata mgeni, Mkinga kutoka Makete, Nahumu Chaula. Alikuwa amejifunika blanketi jipya. Hawakumuuliza kitu. Kefa alipofika, alikuta fimbo zinashuka.

"Mwacheni! Huyu sasa ni wa baraza!"

"Baraza litamwachia," mmoja akajibu, fimbo bado juu.

"Basi nipigeni na mimi, niliyevaa nguo ya chifu."

Wakasita. Akamwinua Nahumu, wakaenda kituo cha polisi Makambako. Koplo wa zamu alitazama ile damu na ule mkono uliovimba.

"Umemkamatia wapi?"

"Kitandililo, afande."

"Hiyo ni ardhi ya chifu. Mpeleke kwenye baraza lenu."

"Lakini duka liko kwako."

"Na mtu yuko kwako. Ondoka naye."

Akampeleka barazani. Karani hata kitabu hakufungua. "Duka la Makambako si letu, Kefa. Nikimwandika huyu, Bwana Shauri ataniuliza nimepata wapi mamlaka." Nje, watu wenye fimbo walikuwa wamefuata. Walikaa kwenye nyasi, wakingoja.

Polisi walimkataa. Baraza lilimkataa. Kefa angeweza kumwacha palepale, na hakuna ambaye angemlaumu.

Bi Esteria, mke wake, aliniambia: "Alikuja naye nyumbani, hakukaa. Uji alikunywa amesimama. Nikamwambia, Baba Noela, mtu huyu si ndugu yako. Akasema, Mama Noela, nikigeuka tu wanammaliza. Wakatoka wawili hao kwa mlango wa jikoni, wenye fimbo wakingoja mbele."

Wakashika njia ya Njombe kwa miguu. Tarishi hakuruhusiwa kutoka nje ya mipaka ya chifu wake bila barua. Kefa hakuwa na barua. Kila lori lilipopita, walijitupa vichakani. Siku ya pili Nahumu alipandwa na homa.

"Kaka, niache nilale hapa."

"Utalala Njombe."

Walifika siku ya tatu. Sajenti wa kituo aliuliza barua ya chifu. Hakuna. Akauliza hati ya kukamata. Hakuna. "Siwezi kumpokea." Kefa akamlaza Nahumu kwenye sakafu ya kibaraza cha kituo, naye akakaa mlangoni. Aliyetaka kuingia, ilibidi awaruke.

Siku ya nne, Bwana Shauri alikuja kukagua kituo. Akasimama mbele yao.

"Huyu ni mahabusu wa nani?"

Sajenti akageukia askari wake. Kefa akainuka.

"Ni wangu, bwana. Naitwa Kefa Nyagawa."

Bwana Shauri akaamuru mgonjwa apokelewe, wakaandika jina la Kefa kitabuni, mahali pa aliyemkamata. Nahumu akapelekwa hospitali, akapona. Kesi ilipoitwa, hakuna shahidi aliyetokea, akaachiwa. Na Kefa? Wiki hiyohiyo alivuliwa nguo ya chifu, kwa kosa la kuvuka mpaka bila ruhusa. Hakurudi tena kwenye kazi ya uaskari. Alilima viazi hadi nguvu zilipomwishia.

Binti yake, Noela, anasema baba yake hakuwahi kutulia baada ya hapo. Mgeni akipita barabarani, anainuka kumtazama. "Mwaka huu nilimuuliza, baba, yule mtu aliiba kweli? Akasema, sijui. Sikumuuliza. Nilikuwa natafuta wa kumpokea."

Wasikilizaji wapendwa, pengine leo kuna mtu amekaa nje ya ofisi yako. Ameambiwa nenda kule, na kule wakamwambia rudi huku. Kabla hujamwelekeza pengine, mwangalie kwanza hali yake.

Bi Esteria, Noela na ukoo wote wa Nyagawa, poleni sana. Mungu awashike mkono.

Jana makaburini, wakati wa salamu, alisimama mzee mmoja aliyetoka Makete. "Naitwa Ezekia Chaula," alisema. "Baba yangu ni Nahumu." Bi Esteria akasogea kwenye mkeka, akampisha akae pamoja na watoto wa marehemu.