Dada Yetu Barafu, na Sehemu ya Watoto Tusiyoiruka

Ndugu waombolezaji, dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Barafu, alizaliwa tarehe 14 Juni 1971, wa kwanza kati ya mabinti wanne wa baba yetu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989, na Januari 1992 akaajiriwa kwenye kiwanda cha nyama, mtunza stoo ya baridi, kazi aliyoifanya mpaka mwezi uliopita.

Alifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1996. Miaka mitatu baadaye, akiwa na ishirini na nane tu, hedhi ilikata, mwili ukawa unawaka moto ghafla hata asubuhi ya mvua, akawa anakimbilia stoo bila koti na kusimama katikati ya nyama zilizoning'inia, wenzake wakacheka wakampa jina hilo, naye akacheka nao, maana angewaambia nini.

Kuhusu watoto, kikao cha familia jana kilitaka tusome "hakujaliwa" tusonge mbele, lakini marehemu alishakataa akiwa hai, akasema hapo ndipo tukae. Mawifi walisema alitoa mimba usichanani, mumewe akamrudisha kwetu Mei 2003 na sanduku moja, na shangazi zetu wawili, waliokuja kusuluhisha, wakamwambia akatubu. Mwaka 2016 ndipo daktari mmoja alipompima damu, akamweleza kwamba mayai yake yaliisha mapema kwa hitilafu ya kurithi kwenye vinasaba, kwamba baba mwenye hitilafu hiyo humpa kila binti yake, na kwamba huenda hata dada za baba wanayo. Akaenda kuwauliza. Kumbe wote wawili hedhi zao zilikata kabla ya arobaini, ila walikuwa wameshazaa, wakaona aibu, wakanyamaza, wakamwacha mtoto wa kaka yao atukanwe. Inauma, jamani, na hatutapamba maneno. Sisi wadogo zake watatu tumepimwa, tunayo.

Miaka yote ile bila tiba ya homoni zilizopungua hedhi ilipokata ilimla mifupa, akateleza bafuni tarehe 20 mwezi uliopita, nyonga ikavunjika, damu ikaganda ikapanda mapafuni, akafariki tarehe 9 mwezi huu.

Tunamshukuru daktari yule, wauguzi, majirani waliompikia uji, na wenzake wa stoo waliomshikia zamu. Shangazi zetu hatuwashukuru, tunawaomba tu, mabinti zenu wamekaa hapo nyuma yenu, waambieni leo wakapime, kabla hatujanyanyua jeneza.

Dada, tumeisoma yote, pumzika sasa kwa amani.